Ususi Umo Mkononi, Haumo Katika Ukindu

Wako wenzetu, na miongoni mwao wamo wasomi tunaowaheshimu, wasemao kwamba kikapu kilichosukwa kwa mikanda ya plastiki si kitu cha utamaduni. Kikapu cha kweli, wasema, ni cha ukindu, milala, katani au majani. Plastiki ni uchafu wa viwandani, na msusi aishikaye ameacha asili yake. Hapo hututolea ile methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wako na wengine, wa kundi la pili, ambao hawaioni kazi ya msusi kuwa sanaa mpaka itoke nje ya nchi, itundikwe katika ukuta mweupe wa jumba la maonyesho huko Ulaya, kisha irudi kwetu na jina jipya na bei mpya. Makundi haya mawili hubishana, lakini kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili humtazama msusi kama mtu asiye na haki ya kuamua kazi yake iwe nini. Makala haya yanayapinga yote mawili, na mfano wake hasa ni Wilaya ya Same na milima ya Upare.

Na tuanze na swali ambalo wengi hulirukia: ususi ni nini? Mtu akisema ususi ni ukindu, basi na aingie porini alipo mkindu, atakuta ukindu tele na kikapu hata kimoja asikione. Ukindu hauna ususi ndani yake. Ususi umo katika hesabu na mkono. Asukaye mkeka huchukua miyaa iliyokatwa, ikaanikwa, ikachanwa kwa upana mmoja, mingine ikatiwa rangi. Kisha huisuka kwa mshazari ikawa ukili, utepe mrefu ambao baadaye huungwa ubavu kwa ubavu. Asukaye kikapu cha kuzungusha huanzia kitovuni: fungu dogo la majani huviringwa kama konokono na kushonwa kwa uzi wa katani, mzunguko juu ya mzunguko, na ni jicho lake tu limwambialo wapi tumbo lipanuke na wapi mdomo ukaze. Hana kipimo cha mita wala ramani ya karatasi, lakini vikapu vyake viwili huwekwa kimoja juu ya kingine vikaoana.

Sasa mtazameni msusi wa mikanda ya plastiki, ile iliyokwisha kufungia makasha na mizigo ya dukani ikatupwa. Huilaza mikanda sambamba, akapitisha mingine juu na chini kuikata ile ya kwanza, kitako kikapatikana. Huzikunja ncha zisimame, kisha huzungusha mikanda mipya, duara juu ya duara. Mwisho huzirudisha ncha ndani na kuzichomeka chini ya mizunguko, pasipo gundi wala msumari. Na hapa pana siri ambayo mwalimu wa hisabati angeifurahia. Msusi akizungusha uzi mmoja usiokatika toka chini hadi juu, nguzo zilizosimama sharti ziwe za idadi witiri, ama sivyo uzi ule utapita juu palepale ulipopita juu mzunguko uliotangulia, na ukuta hautashikana. Akitumia pete zinazofungwa kila mzunguko, nguzo sharti ziwe shufwa. Siri hiyo huitumia msusi wa majani, na huitumia vilevile msusi wa plastiki. Katika kikapu kipya kilichobadilika ni kile kinachoshikwa na mkono. Mkono wenyewe ni uleule. Basi ni nani aliyeacha asili?

Tena hao wanaoilinda asili hawaitazami historia ya malighafi wanayoitetea. Katani, ambayo leo huhesabiwa kuwa mzee wa nyumba, ni mgeni aliyekuja kwa meli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea, yakaifuata reli ya Tanga, yakafika mpaka tambarare za Upare kama Makanya. Mkulima wa milimani aliyeutazama mmea ule wenye miiba mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kuuita wa kwetu. Lakini leo, msusi akisokota uzi wa katani pajani, nani atathubutu kumwambia kwamba anatumia kitu cha kigeni? Miaka ilipita, mikono ikauzoea, na mgeni akawa mwenyeji.

Si katani peke yake. Mahindi yalitoka Amerika, na ugali ni wetu. Kanga ilichapwa miaka mingi India, Uingereza na Japani, hata kabla ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na bado usemi wake ulikuwa usemi wetu. Huko Upare kwenyewe, wahunzi wa Ugweno walisifika kwa kuyeyusha mawe ya chuma. Mhunzi wa leo hufua jembe kwa springi ya gari iliyokufa, wala hakuna amwambiaye kwamba si mhunzi. Zitazameni na ndiva, yale malambo ya kukusanyia maji ya mifereji ambayo wazee wa Upare waliyajenga kwa mawe na udongo. Zipo ndiva zilizojengewa upya kwa saruji. Je, maji yake yamekuwa ya kigeni? Taratibu za kugawana zamu zimekufa kwa sababu ya saruji? La. Ndiva ni ule mpango wa watu na maji, na kuta zake huweza kubadilika. Vivyo hivyo na kikapu.

Hata kutumia kilichotupwa si jambo tulilofunzwa jana na wageni wa mazingira. Kibatari kilichowaangazia waandishi wengi wa nchi hii walipokuwa wanafunzi kilitengenezwa kwa kopo. Katambuga zilikatwa kwenye tairi. Watoto wetu walijiundia magari ya waya na makopo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa vyuoni. Alichukua mbao laini za dari na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na sasa mtindo wake unaitwa kwa jina lake duniani kote. Lau wangekuwapo wakati ule wenzetu wa kundi la kwanza, wangemwambia asubiri mpaka apate rangi za asili.

Liko jambo moja chungu ambalo Upare unalijua kuliko sehemu nyingi. Plastiki haikuja kwetu kwanza kama mfuko wa sokoni. Ilikuja kama mshindani wa katani. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa katani zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikaongoza duniani. Kisha kamba za viwandani, za nailoni na polipropilini, zikaingia katika soko la dunia kwa bei ya chini, zikawafungia wakulima wa Ulaya na Marekani marobota yao ya majani badala ya uzi wetu. Haikuwa sababu peke yake, lakini ilikuwa sababu kubwa. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yetu yalikuwa yamepungua hadi chini ya tani 30,000. Watu wa tambarare waliokata majani ya mkonge kwa ujira waliiona plastiki ikiwanyang'anya kazi kabla hawajaiona ikizagaa katika korongo. Ndipo, baada ya kuua kamba yetu, ikarudi kwa jina la rambo, ikanata katika michongoma na kuziba mifereji, hadi serikali ikaipiga marufuku mifuko hiyo Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, baada ya Zanzibar kutangulia mwaka 2006 na Kenya mwaka 2017.

Mwanamke wa Upare anapoukusanya mkanda uliotupwa akaugeuza kikapu cha kuuza, hajasalimu amri kwa plastiki. Amemteka adui aliyemwibia baba yake kazi, akamtia kazini. Na sisi tumwite mtumwa?

Lakini yapo na mambo ya kukiri, maana hoja isiyokiri chochote ni ngonjera tu. Plastiki iachwapo juani miezi mingi hukauka, huvunjika na kumwaga vumbi lake ardhini. Mkanda uliofungia kemikali usisukiwe chombo cha chakula. Wala kikapu kimoja, hata kiwe kizuri namna gani, hakisafishi mto. Jukumu la taka za viwanda ni la wenye viwanda, na si haki kumtwika bibi wa kijijini mzigo wao kwa kumpamba kwa sifa za uhifadhi. Aidha, si kila kitu kilichofungwafungwa kwa uchafu ni sanaa. Kazi mbovu ya plastiki ni mbovu kama kazi mbovu ya ukindu: ikiwa ncha zimetokeza, kitako kimepinda na mikono haina nguvu, tuseme waziwazi kwamba haifai. Msusi anastahili kuhukumiwa kama fundi. Kumsifu kwa kumhurumia ni namna nyingine ya kumdharau.

Wala hatusemi ukindu uachwe. Upandwe, utunzwe, ufundishwe. Lakini tuseme kweli: tambarare ya Mkomazi ni hifadhi ya taifa, na msitu wa Chome, penye kilele cha Shengena, ni hifadhi ya mazingira asilia, sheria hazimruhusu mtu kuingia na panga akate apendavyo, na sababu za sheria hizo twazijua. Mtu hawezi wakati huohuo kumzuia msusi asikate majani na kumlaumu kwa kutumia mkanda. Anayetaka ukindu udumu na aoneshe shamba la mikindu alilopanda.

Sasa tuligeukie kundi la pili, lile lingojalo muhuri wa ng'ambo. Hawa husema: hiki ni kikapu, ni bidhaa ya mikono, sanaa ni jambo jingine. Na tuwaulize: kwa nini kauli yao hubadilika mara msanii mwenye jina anapoitundika kazi ileile ukutani? El Anatsui, Mghana aliyezaliwa mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, vikawa mapazia makubwa yamemetayo kama nguo za wafalme. Mwaka 2015 maonyesho ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Jirani zetu Waganda walikwenda Venice kwa mara ya kwanza na banda la taifa mwaka 2022, wakapata sifa maalumu ya majaji. Mmoja wa wasanii wao wawili alikuwa Acaye Kerunen, ambaye hujenga kazi zake kwa mikeka na nyuzi zilizosukwa na wanawake wa nchi yake. Mwaka huohuo Sanaa Gateja, naye wa Uganda, alionyesha huko Pittsburgh, Marekani, kazi zake za shanga za karatasi zilizokwisha kutumika, zilizoshonwa juu ya magome ya mutuba. Na Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakaivisha kandambili kuukuu, nalo likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019.

Twawapongeza wote hao. Wamethibitisha kwamba hoja yetu si ndoto. Lakini Mtanzania asijifunze kwao nusu ya somo. Kama Venice iliona uzuri katika mikeka ya wanawake wa Uganda, uzuri ule ulikuwamo kabla haijapakiwa ndegeni. Kama tunangoja mgeni atuonyeshe kilichomo uani kwetu, basi kasumba ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, bado imo vichwani. Katika hotuba hiyohiyo alituonya pia tusijifungie: taifa likataalo kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu, na kujifunza huko hakumaanishi kuacha vya kwetu. Maneno hayo mawili huenda pamoja. Kundi la kwanza limeyasahau ya pili, na kundi la pili limeyasahau ya kwanza.

Na kiini cha ugomvi wote huu ni jina. Kikapu kikiuzwa gulioni hakina jina. Kikifika dukani kwa watalii huandikiwa kwamba kimetengenezwa na wanawake wa Afrika, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja na wanawake wake ni mtu mmoja. Mchoraji hutia sahihi pembeni mwa picha yake. Mshairi hutia jina lake katika beti za mwisho, na mtu akiliondoa huwa ameiba. Kwa nini msusi peke yake ndiye asiye na jina? Mahali pasipo jina, bei huamuliwa na mchuuzi. Watu wa Upare si wageni wa kupigania thamani ya jasho lao: mwaka 1945 maelfu yao waliteremka milimani wakapiga kambi Same kuipinga kodi ya mbiru, na mwaka 1946 wanawake nao wakajitosa katika mapambano hayo. Watu waliojua kusema hapana kwa dola ya kikoloni hawashindwi kumwambia mchuuzi: hiki ni changu, na hili ni jina langu.

Tazameni basi Ufilipino, nchi ya mbali ambayo tulishindana nayo katika biashara ya kamba, kwa kuwa wao walikuwa na abaka, mmea wa jamii ya mgomba, kama sisi tulivyokuwa na katani. Mwaka 1992 walitunga sheria ya kuwatambua mafundi wakuu wa jadi kuwa hazina hai za taifa, wapewe heshima na posho, nao wawafundishe vijana. Mwaka 1998 aliheshimiwa hivyo Lang Dulay, mwanamke wa kabila la T'boli aliyefuma nguo iitwayo t'nalak kwa nyuzi za abaka, na alipofariki mwaka 2015 taifa lilijua ni nani aliyeondoka. Na katika nchi hiyohiyo, bayong, kikapu cha sokoni cha majani, husukwa pia kwa vipande vya plastiki. Wamemheshimu bibi wa abaka, na mikanda ya plastiki haijawaangamizia utamaduni. Sisi tunazo sheria, tunalo Baraza la Sanaa la Taifa tangu mwaka 1984, na methali yetu yasema mcheza kwao hutunzwa. Lakini ni msusi gani wa Upare ambaye jina lake limeandikwa katika kitabu cha shule?

Hapa ndipo mzigo unapowafikia walimu. Vijana huteremka kutoka Mbaga, Chome, Vudee na Suji kwenda kusoma na kutafuta riziki Same, Moshi na Dar es Salaam, wala hawana kosa. Kosa ni la shule iliyowafundisha kwamba kazi ya mkono ni adhabu ya mchelewaji. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967. Mahali pengi iliishia katika kufyeka majani. Sasa mkondo wa amali umeanza katika sekondari zetu tangu mwaka 2024, na tukiuacha uwe wa misumari na nyaya peke yake, tutakuwa tumepoteza nafasi nyingine.

Mambo ya kufanya si ya gharama. Kwanza, mwalimu amwalike msusi mzee darasani kama mwalimu mwenzake, akae kiti cha mbele, alipwe kwa siku yake, na wanafunzi waandike hatua zake pamoja na majina ya Chasu ya mishono na mapambo, kwa maana majina hayo yakizikwa hayafukuliwi. Pili, hesabu za witiri na shufwa, pembe na duara, zifundishwe kwa kikapu mkononi. Tatu, mwanafunzi asuke kitu kimoja kwa majani na kile kile kwa mikanda, ili ajue mwenyewe ni wapi malighafi humsaidia na ni wapi humpinga. Ukindu hunywea ukikauka, plastiki huteleza na kulegea isipokazwa. Nne, kila kazi iandikwe jina la msusi, kijiji na mwaka. Na wasusi wenyewe wauze kwa pamoja. Wapare wanalo neno msaragambo, kazi ya wote kwa faida ya wote, iliyowajengea mifereji na ndiva. Msaragambo ulioweza kushusha maji mlimani waweza kupandisha bei ya kikapu.

Wenzetu wa kundi la kwanza wataendelea kusema kwamba tunaharibu asili. Na tuwajibu bila hasira: asili ya ususi wa Upare haikuwa jani lolote. Ilikuwa ni mwanamke aliyetazama kilichokuwapo karibu naye, akahesabu, akakifanya kibebe mzigo. Bado yupo, ingawa amezeeka, na bado anahesabu. Kinachohitajika sasa ni kijana wa kuketi kando yake kabla ya hesabu hiyo kukatika.